Presha Kuka na Kapu: Kuivisha Maharagwe, Githeri na Kuku wa Kienyeji Bila Kumaliza Makaa

Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho maji hutokota yakifika nyuzi 94 hivi za Selsiasi, wala si 100 kama tulivyokariri shuleni. Ongeza makaa utakavyo, maji hayo hayatapata joto zaidi, yatakauka tu. Ndiyo sababu maharagwe ya Nakuru hukesha motoni, na ukipanda Molo hali huwa ngumu zaidi. Kisumu ni afadhali kidogo, kwa kuwa iko kama mita 1,130 na maji yake hutokota karibu na nyuzi 96.

Nalitaja hili kwanza kwa sababu limeondoa chakula kizuri kwenye nyumba nyingi. Maharagwe, njahi, githeri (nyoyo, ukiwa upande wa ziwa), matumbo, jogoo wa kienyeji: watu hawajaviacha kwa kuvichukia. Wameviacha kwa sababu kopo la makaa halitoshi na mtungi wa gesi wa kilo 6 unaisha kabla ya mwisho wa mwezi. Anayerudi kazini saa kumi na mbili jioni hawezi kuanza sufuria ya saa tatu, kwa hiyo watoto wanapewa mkate na chai au chipsi za kando ya barabara. Kuna vifaa viwili vinavyoweza kukirudisha chakula hicho mezani siku za kazi. Kimoja hupika kwa haraka sana, yaani presha kuka. Kingine hupika polepole bila moto kabisa, nacho ni kapu la kupikia. Ukiwa navyo vyote viwili, kila kimoja hufidia upungufu wa mwenzake.

Kwanza presha kuka

Presha kuka huzuia mvuke usitoke. Mvuke ukibanwa, maji yaliyo ndani huendelea kupata joto mpaka hukaribia nyuzi 120, na hapo hata punje ngumu ya mahindi hulegea. Wengi huiogopa kwamba italipuka, na hofu hiyo ina umri mrefu. Mfaransa Denis Papin alitengeneza sufuria ya kwanza ya aina hii mwaka 1679 alipokuwa London, na ni yeye huyo aliyeiwekea vali ya usalama ili mvuke ukizidi upate pa kutokea. Presha kuka nzuri ya leo ina njia mbili au tatu za kutoa mvuke. Hatari huja njia hizo zinapozibwa na uchafu, au mtu anapong'ang'ana kufungua kifuniko kabla mvuke haujaisha.

Ukienda kununua, kiangalie kifuniko kwa makini kabla ya kuvutiwa na rangi. Hakikisha mpira wa kuziba unatoka na kurudi kwa urahisi, na umwulize muuzaji kama ana mpira wa akiba wa saizi hiyo. Asipokuwa nao, tafuta duka lingine, maana mpira huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine zote. Familia ya watu watano au sita inatosheka na lita 6 au 7. Ile ya umeme hujizima yenyewe, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu mwenye mtoto mgongoni. Usiogope tokeni: jiko la wati 1000 likiwaka saa nzima bila kupumzika hula uniti moja, na la presha huwaka kwa nguvu mwanzoni tu, kisha hugusagusa. Ya kuwekwa kwenye gesi au makaa ni ya bei nafuu zaidi na haijali stima ikipotea, ila lazima ukae karibu nayo.

Siku ya kwanza usipike chakula. Pika maji, ili uizoee sauti yake.

1. Toa mpira, uuoshe, uurudishe vizuri. Inua kifuniko kwenye mwanga na uchungulie kitundu cha mvuke. Lazima uone mwanga upande wa pili. Fanya hivi kila mara unapopika, hata ukiwa na haraka.
2. Tia vikombe vitatu vya maji. Funga kifuniko mpaka kikae sawa, kisha weka filimbi, yaani kile kizito kinachokaa juu ya kitundu.
3. Washa moto mkali. Mvuke ukianza kutoka mfululizo na filimbi kucheza, punguza moto mpaka icheze kidogo kidogo. Dakika zinaanza kuhesabiwa hapo, si pale ulipowasha moto. Kwenye jiko la makaa, funga mlango wa jiko na umwagie makaa majivu kidogo, moto utashuka.
4. Baada ya dakika tano, epua. Iache itulie mpaka mvuke uishe wenyewe. Inua filimbi kidogo kwa mwiko: pasipotoka chochote, fungua ukielekeza kifuniko mbali na uso. Kifuniko kikikataa, bado kuna mvuke ndani, kiache.

Kijitabu kinachokuja na presha kuka kwa kawaida kimeandikwa kwa watu wa nchi tambarare. Ukiwa Nakuru ongeza sehemu moja ya tano ya muda wake, na Kisumu sehemu moja ya kumi. Muda nitakaoutoa hapa chini ni wa Nakuru. Wa Kisumu, Kakamega au Busia watapunguza dakika mbili tatu.

Maharagwe

Kazi yote ya maharagwe huanza usiku uliotangulia. Chagua mawe, osha, loweka kwenye maji mengi kwa saa nane mpaka kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji hayo bila huruma. Ndani yake kuna sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi, na watu wengi wanaosema maharagwe hayawapatani wamekuwa wakiyala bila kuyaloweka.

Tia maharagwe kwenye presha kuka na maji mapya yanayoyapita kwa vidole viwili. Kila kitu kwa pamoja kisizidi nusu ya sufuria, kwa sababu maharagwe hufura na kutoa povu. Kijiko kimoja cha mafuta hulituliza povu hilo lisipande kwenye kitundu. Aina kama nyayo na rosekoko zilizolowekwa huiva kwa dakika 15 mpaka 18, kisha ziache zitulie mvuke uishe. Njahi huchukua dakika 25. Ndengu hazihitaji kulowekwa. Dakika 12 zinatosha. Ukisahau kuloweka maharagwe, yape dakika 40 na uongeze kikombe cha maji.

Nyanya na ndimu zitie mwishoni, maharagwe yakishaiva. Uchachu huyafanya yabaki magumu. Ila usiache kuvitia kabisa, kwani nyanya, ndimu au hoho husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Mama mjamzito asubiri saa moja baada ya kula ndipo anywe chai.

Kama yamepata muda wote huo na bado ni magumu, kosa si lako. Ni maharagwe yaliyokaa ghalani mwaka mzima au zaidi, hasa penye joto na unyevu. Sokoni mwulize mama anayeuza ni ya msimu gani. Kwa kawaida atakwambia ukweli, kwa kuwa anataka urudi.

Magadi yaacheni

Hapa nitakaa kidogo. Wengi wetu tumelelewa kwa maharagwe na mboga zilizotiwa magadi ili zilainike upesi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 kwenye maharagwe na vitamini C kwenye mboga, na huongeza sodiamu kwa mtu ambaye labda tayari ana shinikizo la damu. Kwa watu wa Nakuru na Bonde la Ufa kuna jambo lingine zito. Maji ya visima vingi vya huku yana floridi nyingi, ndiyo maana unaona meno ya kahawia kwa watoto na watu wazima. Kuyachemsha hakuiondoi, maji yakipungua, floridi hubaki na kukolea. Magadi ya asili nayo mara nyingi yana floridi yake. Mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado hayajatoka anaipata kwenye maji, kisha anaipata tena kwenye maharagwe.

Presha kuka inafanya ile kazi ya kulainisha, kwa hiyo magadi hayana sababu ya kubaki jikoni. Ukiweza, pikia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchujwa, hasa chakula cha watoto. Musherekha wa Waluhya, yale maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, nao una chumvichumvi yake. Ukiupenda kwenye mrenda, tia kidogo kwa ajili ya ladha. Na chumvi yenyewe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Sufuria ya watu sita ikitiwa vijiko vitatu vilivyojaa, na mkebe wa chumvi ukawekwa tena mezani, ni rahisi kuipita hesabu hiyo kabla siku haijaisha.

Githeri

Watu wengi hutia mahindi makavu na maharagwe pamoja, halafu wanashangaa maharagwe yamekuwa uji na mahindi bado yanagonga meno. Yaloweke kwenye vyombo viwili. Anza na mahindi peke yake, maji yayapite kwa vidole vitatu, dakika 40. Acha mvuke uishe, fungua, tia maharagwe yaliyolowekwa, angalia maji, funga tena kwa dakika 18. Kama ni mahindi mabichi ya Julai au Agosti, mwendo ni mmoja tu: vyote pamoja, dakika 18.

Kutoka hapo kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, si upawa mzima. Kisha kitunguu saumu, karoti, nyanya mbili, viazi vya Molo au Njoro vilivyokatwa vipande vikubwa, halafu githeri na kikombe cha supu yake. Viazi vikiiva, tupia sukuma wiki au terere iliyokatwa, funika dakika tatu, epua.

Nyama, matumbo na kuku

Nyama ya kuchemsha yenye mfupa, dakika 35. Mbuzi, 30. Matumbo yaliyooshwa vizuri kwa maji moto na kukwanguliwa, 45. Kuku wa gredi hahitaji presha hata kidogo, atasambaratika. Jogoo wa kienyeji aliyetembea vichochoroni miaka miwili ndiye mwenye haki nayo: dakika 40 na tangawizi, kitunguu, chumvi kidogo na vikombe viwili tu vya maji, kwa sababu hayapotei. Ukishafungua, acha supu ichemke wazi dakika kumi ili ikolee. Waluhya wanaojua ingokho watakwambia supu ndiyo chakula chenyewe, na hawajakosea. Mafuta yanayoelea juu yaengue kwa kijiko. Kuku mzee hutoa ya kutosha, kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza mengine.

Aliya, ile nyama iliyokaushwa, ioshe na kuiloweka nusu saa, kisha dakika 25. Siagi ya njugu itie baada ya kufungua, si kabla: ni nzito, hutua chini na kuungua.

Na kuna vitu visivyofaa kuingia humo hata kwa bahati mbaya. Mrenda ndio wa kwanza. Ute wake hupanda na kuziba kitundu cha mvuke, na isitoshe huiva kwa dakika chache kwenye sufuria ya kawaida. Uji na tambi vivyo hivyo. Mbuta na ngege, samaki wa ziwani, zitavunjikavunjika. Ziweke kwenye mchuzi ulioiva na kuzifunika dakika kumi. Managu, saga na mboga nyingine za majani zinataka moto wa kawaida na muda mfupi, ili zibaki na rangi na vitamini. Tena usikaangie ndani ya presha kuka huku imefungwa. Haikutengenezwa kwa mafuta yanayochemka.

Kapu: kupika wakati wewe umelala au uko shambani

Kazi ya kapu si kuongeza joto, ni kulinda lile lililopo. Sufuria ikishatokota, ukiizungushia kitu kinachozuia joto lisitoke, chakula huendelea kuiva kwa saa kadhaa. Bibi zetu waliacha chungu cha nyoyo juu ya mafiga usiku kucha, kaa lililofunikwa majivu likikimalizia. Kapu linafanya kazi hiyo bila hata hilo kaa.

Nunua kapu lenye kimo na mdomo mpana. Kibuye kule Kisumu na Luanda kule Vihiga utapata wasusi wa kila aina. Liipite sufuria yako kwa kiganja kizima kila upande. Tandika kitambaa cha pamba ndani, kisha jaza kati yake na kapu sufi, blanketi kuukuu zilizokatwa, au majani makavu ya migomba yaliyobanwa sawasawa. Unene usipungue sentimita 10, chini pia. Shona mto mnene wa kufunika juu, maana joto jingi hutoroka kupitia hapo. Sufuria iwe na kifuniko kinachobana na masikio mafupi.

Wali wa Ahero: osha, tia maji kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele, chemsha dakika tano ukiwa umefunika, ingiza kapuni haraka, acha dakika 45. Hauungui kamwe. Kuku wa kienyeji usipokuwa na presha kuka: chemsha dakika 30, ingiza kapuni saa tatu, chemsha tena kabla ya kula. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwani chakula kidogo hupoa upesi. Usifunguefungue kuchungulia.

Kwa maharagwe, tafadhali soma polepole. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili, na punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache. Kutokota kwa nguvu huiua sumu hiyo. Joto la vuguvugu haliiui, tena kuyapasha maharagwe mpaka nyuzi 80 na kuyaacha hapo kunaweza kuifanya kali zaidi. Kwa hiyo maharagwe yasiingie kapuni wala kwenye ile sufuria ya umeme ya kupika polepole kabla ya kulowekwa, kumwagwa maji, na kutokota nusu saa kamili kwenye maji mapya. Nusu saa ni kwa sababu maji yetu ya milimani hayafiki nyuzi 100. Baada ya hapo, saa nne kapuni, kisha yachemshe tena dakika 20 ndipo uyaunge.

Mimi kwa maharagwe napendelea presha kuka kila mara, na kapu naliachia wali, supu, na chakula cha jioni kinachomsubiri mtu wa zamu. Ile sufuria ya umeme ya kupika polepole ni nzuri kwa nyama na supu kama stima ya mtaani kwenu haipotei ovyo. Umeme ukikatika mchana kutwa ukiwa kazini, chakula hukaa vuguvugu, na vijidudu hupenda joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60. Ukirudi ukute imezimika na hujui imezima lini, mwaga, hata kama inanukia vizuri. Kapu nalo lina mpaka: supu unayoitoa iwe inafuka mvuke, moto usioweza kuingiza kidole. Ikiwa vuguvugu tu, ilikaa mno.

Kupika mara moja, kula siku tatu

Jumamosi pika kilo mbili za maharagwe au githeri kwa awamu, usiunge. Gawa kwenye vibakuli vidogo vipoe haraka, viingie frijini kabla ya saa mbili kupita. Vinakaa siku tatu. Kwenye friza, miezi. Jioni ya Jumatatu unakaanga kitunguu na nyanya, unamimina kibakuli, unasonga ugali wa wimbi na mtama, na dakika 20 hazijaisha. Asiye na friji apike kiasi cha siku moja, akichemshe chakula mpaka kitokote asubuhi na jioni. Wali uliolala nje usiku kucha kwenye joto la Kisumu usimpe mtoto, hata ukiupasha, kwa sababu sumu ya vijidudu vyake haiishi kwa moto.

Ukimaliza kupika toa mpira wa presha kuka, uoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, uukaushe kivulini. Hifadhi sufuria ikiwa na kifuniko kilichogeuzwa juu chini, bila kuifunga, ili mpira usibonyee na harufu isijikusanye ndani. Kitundu cha mvuke kipitishie njiti nyembamba au sindano butu, kisha maji. Mpira ukianza kuwa mgumu, kupasuka kingoni, au mvuke ukitoka ubavuni badala ya juu, badilisha siku hiyo hiyo. Na vali ya usalama ikishawahi kuruka, usiifunge kwa waya wala kwa gundi. Nunua nyingine ya aina hiyo kabla ya kupika tena.